Chongo si Kengeza: Farasi wa Jicho Moja Kwenye Safari ya Kilomita 80

Kwa miezi kama mitatu nilimwona farasi wangu akigonga bega la kulia kwenye nguzo ya lango, na kila mara nikamtafutia kisingizio. Leo amekimbilia chakula. Leo lango halikufunguliwa lote. Leo ana usingizi. Mjomba wangu, aliyekuwa saisi, mtunza farasi, katika mashamba ya Njoro, Kenya, tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia, alikuja siku moja kutusalimu. Akasimama upande wa kulia wa yule farasi, akanyosha kidole polepole kuelekea jichoni. Farasi hakupepesa. Akahamia kushoto, akafanya vilevile. Kope ikafumba papo hapo na kichwa kikaruka.

"Ukipenda, chongo utaita kengeza," akaniambia. "Mwanangu, huyu huku haoni."

Nilikuwa nimepanga kumpeleka farasi huyo kwenye mbio za masafa marefu. Si zile za dakika mbili za kuzunguka uwanja watu wakipiga kelele, bali safari za kilomita 40, 80, hata 160 kwa siku moja, kupitia mashamba, misitu na vilima. Nilipoanza kuuliza nikapata majibu mawili tu. Wengine walisema, mpumzishe, farasi kipofu ataua mtu. Wengine wakasema hakuna shida, jicho moja latosha, mbona yule wa fulani alikimbia. Nimeishi na farasi huyu miaka kadhaa sasa, na naona majibu yote mawili yanakosea kwa njia moja: yanazungumzia jicho kana kwamba ni jambo la jicho peke yake.

Tuanze na anachokiona. Macho ya farasi yako kandoni mwa kichwa, na ni miongoni mwa macho makubwa kuliko yote ya wanyama wa nchi kavu. Mboni yake si duara kama yetu. Imelala, kama tundu la sanduku la kura. Kwa umbo hilo na mahali macho yalipo, farasi mzima huona karibu digrii 350 za duara la digrii 360. Asichokiona ni kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Katika upana huo wote, ni digrii kama 65 hivi za mbele ambazo macho yote mawili huziona kwa pamoja. Zilizobaki kila jicho hujitegemea.

Mtoe jicho moja sasa. Anabaki na zaidi kidogo ya nusu ya ule upana wa awali, yaani digrii kama 200. Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa sababu binadamu mwenye macho yake mawili mazima huona upana unaokaribia huohuo. Kwa hesabu ya upana peke yake, farasi mwenye chongo anaona kama mimi na wewe. Tofauti ni kwamba dirisha lake halikukaa mbele, limekaa kando. Mimi naona ninakokwenda. Yeye huona vizuri shamba la mahindi lililo kushoto, na anakokwenda hukuona kwa pembe.

Ndiyo maana hugeuza kichwa. Farasi wangu haoni kulia, kwa hiyo akiachiwa hatamu hukunja shingo kidogo kuelekea kulia ili jicho la kushoto lije mbele. Anayemwona kwa mara ya kwanza hufikiri ni mkaidi au kwamba lijamu inamuuma. Mimi mwenyewe nilidhani ni tabia mbaya, nikaongeza kosa juu ya kosa: kila alipogeuza kichwa nilivuta hatamu ya kushoto kumnyosha. Tulifanya hivyo kilomita 25 kuelekea Rongai na kurudi. Tulipofika nyumbani jasho lilikuwa limemtoka kama aliyekimbizwa na chui, tandiko limesogea upande, na nilipopitisha vidole mgongoni nyuma ya tandiko aliinama kama niliyemchoma. Safari nzima nilikuwa nikimfungia dirisha lake la pekee, naye safari nzima akipigana kulifungua.

Sasa namwachia shingo. Lakini shingo iliyokunjwa nayo ina gharama, kwa sababu uti wa mgongo ni kamba moja. Farasi anayetembea amejikunja kulia kwa kilomita 80 hukaza misuli ya upande mmoja kuliko mwingine, na uzito wa mpandaji hukaa vibaya. Kwa hiyo kwenye mwendo wa troti, ule wa kuinuka na kukaa, hubadilisha upande ninaoinukia kila baada ya dakika chache, na kwenye miinuko mikali hushuka nikatembea naye. Mjomba husema mpandaji asiyetaka kutembea anunue pikipiki.

Halafu kuna suala la kina. Macho mawili hulinganisha picha mbili na kupata umbali. Jicho moja halina hiyo nafasi, ila halijaachwa mikono mitupu. Kitu kilicho karibu hupita haraka machoni kuliko kilicho mbali, na farasi anayetembea hulitumia hilo muda wote. Ukubwa wa kitu, kivuli chake, jinsi kinavyoziba kingine, vyote ni vipimo. Utamwona akishusha na kuinua kichwa mbele ya mtaro. Anapima. Mpe sekunde mbili atavuka salama, mharakishe ataruka kama anavuka mto.

Kinachomsumbua zaidi ni mwanga unaobadilika ghafla. Macho ya farasi huona vizuri gizani kuliko yetu, lakini huchelewa sana kuzoea giza yakitoka kwenye jua kali. Ukitoka kwenye uwanda mweupe kwa jua la saa sita na kuingia chini ya mikaratusi, farasi yeyote hupotewa kwa muda. Mwenye chongo hupotewa maradufu, kwa kuwa kivuli cha mti kilicholala njiani na shimo lenyewe hufanana. Katika mashamba ya Bonde la Ufa mashimo ya kweli yapo tele, ya mhanga na ya ngiri, yamejificha kwenye nyasi. Mbele kulia ni kazi yangu mimi. Nikiliona shimo, mguu wangu wa kulia unamgusa ubavuni na yeye anahama. Kwake mguu huo umekuwa ukuta.

Kuna imani ya zamani kwamba ubongo wa farasi umegawanyika, na jicho la kushoto halimwambii la kulia lilichokiona. Wanaoiamini hutoa ushahidi: farasi amepita karibu na mtungi wa maji akienda bila wasiwasi, akirudi anaushtukia kana kwamba umetoka ahera. Majaribio yamefanywa ambapo farasi alifundishwa alama huku jicho moja limefunikwa, kisha akapimwa kwa jicho lile jingine, naye akaikumbuka. Habari hupita. Kinachobadilika ni sura ya kitu, maana mtungi ukiutazama kutoka upande wa pili si mtungi uleule.

Kwa farasi wangu jambo hili lina uzito wa pekee. Akienda, huona upande wa kushoto wa njia. Akirudi kwa njia hiyohiyo, kushoto kwake ni upande ambao hakuuona kabisa asubuhi, na vyote alivyovizoea vimehamia gizani kulia. Njia ya kurudi kwake ni njia mpya. Nilipolielewa hilo niliacha kumgombeza, nikaanza kumfundisha kila njia mara mbili, ya kwenda siku moja na ya kurudi siku nyingine.

Barabarani hesabu hugeuka tena. Kenya tunaendesha kushoto, na mpanda farasi hukaa ukingoni kushoto pamoja na mwendo wa magari. Kwa hiyo kila kinachotupita, matatu, trekta la ngano, bodaboda yenye magunia matatu ya viazi, kinatokea upande wake wa kulia, asioona. Angekuwa kipofu wa kushoto, magari angeyaona, ila mbuzi akichomoka mtaroni angemshtua. Dawa yangu ni farasi mwenzake, maksai mzee mtulivu, tunayemweka kulia kwake. Humkinga, na mlio wa kwato zake humwambia kuwa pale pana rafiki. Tukiwa peke yetu na barabara ina shughuli, nashuka.

Sitamaliza habari za barabara bila kutaja punda. Pitia Rhonda au Kaptembwo, mitaa ya Nakuru, asubuhi uwatazame punda wa mikokoteni ya maji. Hutakosa wenye jicho moja, na lile lililokufa mara nyingi liliuawa na ncha ya mjeledi. Hutembea siku kutwa kwenye msongamano ambao farasi wangu hangeuweza, na hakuna anayewaandikia makala.

Jicho linalokufa na jicho lililokufa

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Watu huuliza, "Anaona au haoni?" Swali la kwanza lingekuwa, "Jicho hilo linauma?"

Jicho lililopotea zamani, limepona na halina maumivu, ni jambo ambalo farasi hulizoea kwa wiki au miezi, hasa akiwa bado kijana na akipata utulivu. Jicho linaloendelea kufa ni balaa. Linaona leo, kesho lina ukungu, keshokutwa linaona nusu, na ubongo haujui uamini lipi. Mara nyingi linauma pia, na maumivu ya jicho humfanya mnyama mpole awe mtu mwingine kabisa.

Chanzo kikubwa cha upofu wa farasi duniani ni uvimbe wa ndani ya jicho unaorudi mara kwa mara. Wazungu wa kale waliuita upofu wa mwezi, wakidhani unafuata mwezi unavyopevuka na kufifia. Haufuati mwezi. Ni kinga ya mwili inayolishambulia jicho lake yenyewe, na mara nyingi huhusishwa na bakteria wa leptospira, wanaosambaa kwa mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine hasa penye maji yaliyotuama. Farasi aina ya Appaloosa hupatwa zaidi. Shambulio likija, kope hufumba, machozi hutiririka, mboni hujibana ikawa kama uzi, na jicho huwa na rangi ya samawati iliyochafuka. Likipita, jicho huonekana zima, na mwenyewe husema amepona. Hajapona. Kila shambulio huacha kovu ndani, mpaka siku moja unaona mtoto wa jicho au jicho lililosinyaa.

Hayo ndiyo yaliyompata wangu, kabla sijamnunua na baada. Wengine hupoteza jicho kwa mwiba wa mgunga, kwa senyenge, au kwa saratani inayopenda farasi wenye ngozi nyeupe kuzunguka macho. Jicho lolote lililofumba ni la kuitiwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usitie dawa iliyobaki ya ng'ombe. Dawa nyingi za macho zina steroidi, ambayo hufaa kwa uvimbe wa ndani, lakini konea, ule utando wa mbele wa jicho, ikiwa na mchubuko hiyohiyo huweza kuiyeyusha. Daktari hutia kwanza rangi maalumu, na palipochubuka hung'aa kijani. Ndipo anaamua. Nimeona watu wakitia chumvi, na wengine maji ya tumbaku. Sina la kusema kwa hao.

Wakati mwingine daktari hushauri jicho litolewe kabisa. Mwenye farasi hulia. Farasi, mara nyingi, huanza kula vizuri wiki hiyohiyo, kwa kuwa maumivu aliyoyabeba kimya miaka miwili yamekwisha. Mwaka 2017 farasi aitwaye Patch, asiye na jicho la kushoto, alikimbia Kentucky Derby kule Marekani. Alipangiwa lango la 20, la nje kabisa, na kwa kuwa mbio zile huzunguka kwa kushoto, wenzake wote 19 walikuwa upande asioona. Alimaliza wa 14. Wiki chache baadaye, kwenye Belmont Stakes, akawa wa tatu.

Moyo husema jicho lilichoficha

Patch alikimbia dakika mbili na ushei. Mbio za masafa marefu zina mantiki nyingine. Kule Marekani safari ya maili 100 ya milima ya California, iliyoanza mwaka 1955, ndiyo iliyoupa mchezo huu sura yake ya sasa, na leo shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lina ngazi zinazoanzia kilomita 100 hadi 160. Njia hugawanywa mizunguko. Kila mwisho wa mzunguko kuna lango la daktari, na hapo farasi ndiye mwenye neno, si mpandaji. Hupimwa mapigo ya moyo, ambayo lazima yashuke hadi 64 kwa dakika au chini yake katika muda uliowekwa. Ngozi ya shingo huvutwa kuona inarudi upesi kiasi gani, maana ikichelewa mwili umekauka. Fizi huangaliwa, tumbo husikilizwa, mgongo hupapaswa. Kisha hukimbizwa kwa troti kwenye mstari ulionyooka kwenda na kurudi, daktari akitazama kama anachechemea.

Ona kilichopo katika orodha hiyo. Hakuna anayemwomba farasi aruke uzio kwa usahihi au akate kona kwa kasi. Kinachopimwa ni kama amefika akiwa mzima. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kati ya michezo mikali ya farasi huu ndio unaomfaa mwenye chongo kuliko mingine. Mpandaji hatuzwi kwa ujasiri. Hutuzwa kwa kuhesabu.

Ila jicho halikusamehewa. Limehamia moyoni. Farasi akiwa amepumzika moyo hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Akitroti hupanda kupita 100, akisimama hushuka. Hofu nayo hupandisha, hata bila hatua moja. Sasa mfikirie langoni: farasi 10 wanaingia pamoja, ndoo zinagongana, mtu anakuja na sponji ya maji baridi kutoka upande wa giza bila kusema neno. Mapigo yaliyokuwa 60 yanaruka. Na saa haisimami mpaka moyo ushuke. Dakika ulizopata kwa kukimbia unazilipa hapo, ukitazama stetoskopu.

Mahali tunapoishi hapasaidii, maana Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Farasi wetu wameizoea, lakini kazi iliyopita kiasi huonekana upesi.

Basi tumejipangia mambo yetu. Hakuna anayemgusa kulia kabla ya kusema "niko hapa, mama" na kuweka mkono begani. Langoni tunaingia wa mwisho, hata tukikosa nafasi. Desturi ni kumwongoza farasi ukiwa kushoto kwake, na hilo kwangu ni bahati. Mwenye farasi kipofu wa kushoto amfundishe mapema kuongozwa kutoka kulia, asije akaliacha hilo mpaka mbele ya daktari. Njiani, anayetaka kutupita tunamwomba apite kushoto na aseme. Kuna utepe mwekundu ambao hufungwa mkiani mwa farasi mwenye tabia ya kupiga mateke. Nimeufunga ingawa wangu hana tabia hiyo, kwa kuwa watu huheshimu utepe kuliko maelezo. (Farasi wenyewe nyekundu hawaitofautishi vizuri. Utepe ni wa binadamu.)

Ndevu zile ndefu za puani na kuzunguka macho hatuzinyoi kamwe. Ndizo vidole vyake. FEI yenyewe ilipiga marufuku kuzinyoa kuanzia Julai 2021. Na sikio la kulia nimejifunza kulisoma kama gazeti. Likizunguka polepole yuko sawa. Likikakamaa kuelekea nyuma kuna kitu amekisikia na hajui ni nini, na mimi nina kama sekunde moja ya kumwambia.

Kwenye kingo za Menengai tunazunguka kinyume cha akrabu za saa, ili kreta iwe kushoto kwake, ajionee mwenyewe bonde liko wapi. Hayo ni ya mazoezi. Kwenye mashindano mwelekeo huamuliwa na waandaaji, na kanuni kuhusu farasi wenye upofu hutofautiana kutoka mchezo hadi mchezo. Waulize, na umwonyeshe daktari jicho hilo kabla hujalipa ada. Farasi anayefichwa chongo hugundulika, na hugundulika mahali pabaya.

Bado lipo swali ambalo mjomba aliniuliza, nami sikulipenda: nitaacha lini? Uvimbe ule unaweza kwenda jicho la pili. Tulikubaliana kwamba siku jicho la kushoto litakapofumba kwa maumivu, tandiko linatundikwa mpaka daktari aseme, na jicho hilo likianza kupoteza nuru, tandiko halishuki tena. Kwa hiyo mchana huvaa neti ya uso kumkinga na nzi, zizi halina senyenge, na matawi ya mgunga hukatwa hadi urefu wa kichwa chake.

Kila Jumapili jioni mjomba humpima. Alianza kwa kidole, mpaka daktari alipotuambia kwamba mkono husukuma hewa na farasi huihisi kwa ndevu zake, akaonekana anaona kumbe anahisi tu. Sasa tunatumia pamba. Donge dogo, linaachiwa mbele ya jicho la kushoto lianguke lenyewe, bila sauti na bila upepo. Jumapili iliyopita alilifuata kwa jicho tangu juu hadi kwenye majani. Kisha akainama, akalinusa, akalila.